Kumpenda Mwalimu na Kuipenda Kweli

Liko swali moja ambalo nimeishi nalo kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila ninapodhani nimelimaliza, hurudi kwa mlango mwingine. Swali lenyewe ni hili: mtu akiipenda elimu kwa sababu amempenda aliyeileta, je, hiyo ni elimu, au ni mapenzi tu yaliyovaa joho la elimu? Na swali hilo huzaa la pili, ambalo ni gumu zaidi: siku elimu hiyo itakapomwonyesha mwanafunzi mambo machungu juu ya watu wa mwalimu wake, atamheshimu yupi, mwalimu au kweli?

Wahenga walisema kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi. Walikuwa wakituonya kuwa moyo ukishapenda hauulizi kama chakula kimeiva. Onyo hilo ni zuri kwa mchumba na kwa mfanyabiashara. Lakini je, lamfaa mwanafunzi? Nitalijadili jambo hili kwa kufuata lile lililonipata mwenyewe, kwani ndilo ninalolijua kuliko mengine, na huenda msomaji akaona ndani yake mwalimu wake mwenyewe.

Mwaka 1993 alifika Arusha Mjapani mmoja aliyekuwa amestaafu ualimu kwao. Alikuwa na umri wa miaka sitini. Alikuja kwa kujitolea, akafundisha hisabati katika shule moja ya sekondari upande wa Meru, na mara tatu kwa wiki, jioni, alifundisha Kijapani kwa yeyote aliyetaka, bila malipo, katika chumba kimoja karibu na Tengeru. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule. Nilikuwa nikishuka kwa miguu kutoka Poli, viatu mkononi wakati wa masika, kwa kuwa udongo wa mlima wetu ukishalowa haumheshimu mtu.

Tulianza watu kumi na wanne. Wengi walikuwa waongoza watalii, au vijana waliotaka kuwa waongoza watalii, na sababu yao ilikuwa njema kabisa. Wajapani walikuwa wakija kuona Ngorongoro na Serengeti na kupanda Kilimanjaro, na kijana aliyeweza kuwaamkia kwa lugha yao aliajiriwa upesi. Baada ya miezi mitatu tulibaki watano. Wenzetu walikuwa wamekwisha pata maneno yaliyowatosha kwa kazi, wakaenda zao. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa.

Kwa Mswahili, Kijapani kina mlango mpana na ua mwembamba. Mlango ni mpana kwa sababu matamshi yake hayatusumbui: karibu kila silabi huishia kwa irabu, kama zetu. Tulicheka sana siku ya kwanza tuliposikia kwamba Mjapani akipokea simu husema “moshi moshi”, tukamwuliza kama naye ameajiriwa na mji wa jirani. Tukacheka tena tulipoambiwa kuwa “mimi” kwao ni sikio. Kuna na neno wanalomwitia dubu, ambalo sitaliandika hapa kwa heshima ya wasomaji. Lakini ukishaingia, njia inabana. Zipo herufi za kwanza 46, halafu nyingine 46 za maneno ya kigeni, halafu zile zinazotoka China, ambazo orodha rasmi ya serikali yao wakati ule ilikuwa nazo 1,945, na tangu mwaka 2010 zimefika 2,136. Kitenzi hungoja mpaka mwisho wa sentensi, na hubadilika kufuatana na heshima ya unayesema naye. Hili la heshima halikutushangaza sana sisi tuliolelewa kwa shikamoo.

Hata neno lao la mwalimu lina funzo ndani yake. Wao husema “sensei”, na huliandika kwa herufi mbili ambazo maana yake ni aliyezaliwa kabla. Sisi neno letu mwalimu tumelitoa katika Kiarabu, na asili yake ni kujua. Yaani sisi tunamwita kwa kile alicho nacho, wao wanamwita kwa pale alipo: amekutangulia njiani. Tofauti hiyo nitairudia.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Darasa likiisha alifuta ubao mpaka ukawa mweusi wote, kisha akachukua kitambaa akapangusa meza, kwani kwao wanafunzi na walimu husafisha darasa wenyewe. Alituita kwa majina yetu akiweka mwishoni lile neno lao la heshima, ingawa tulikuwa na umri wa watoto wake. Na kila Jumamosi mambo yaligeuka: yeye akawa mwanafunzi na sisi walimu. Alikuwa anajifunza Kiswahili, na ngeli zilimtesa. Angesema “kitabu mzuri”, nasi tungemsahihisha, naye angeliandika kosa lake katika daftari, tarehe pembeni, na jina la aliyemsahihisha. Sijapata kumwona tena mwalimu anayehifadhi makosa yake mwenyewe kwa tarehe.

Hapo ndipo nilipompenda. Nilianza kushika chaki kama yeye. Mwandiko wangu ukaanza kusimama kama wake. Nikikaririwa mstari nikausoma sawasawa, nilitazama uso wake kabla ya kutazama kitabu. Nyumbani waliniuliza Kijapani kitanilisha nini, nami sikuwa na jibu. Tulikuwa tumelelewa katika nchi ambayo mwaka 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio lililopitishwa katika mji wetu huu, Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka elimu imwandae kijana kuijenga jamii anamoishi. Kijapani kingejenga nini Poli, penye kahawa na migomba? Kwa unyofu wa moyo, katika mwaka ule wa kwanza nilijifunza kwa sababu moja tu: nilitaka mtu yule afurahi.

Je, sababu hiyo ni ya aibu? Watu wengi wenye akili wangesema ndiyo. Wangesema elimu ya kweli hutafutwa kwa ajili yake yenyewe, na anayejifunza ili ampendeze mtu, mtu akiondoka naye ataacha. Nami nakubali kwamba wapo wanaoacha. Lakini hebu tutazame jinsi binadamu anavyoanza kujua jambo lolote. Mtoto hajifunzi lugha ya mama kwa sababu anaipenda sarufi. Anaifuata sauti anayoipenda, na lugha inakuja ndani ya sauti hiyo. Hakuna aliyeanza kwa kuipenda hisabati ikiwa peke yake hewani. Alimpenda mtu aliyeisema, au alimwogopa, au alimwonea wivu. Basi kuanza kwa mapenzi si kosa, ndiyo njia ya kawaida ya mlango. Linalotakiwa kuulizwa ni kama mtu ameingia ndani ya nyumba, au amebaki miaka yote amekumbatia mlango.

Katika historia ya Japani upo mfano ambao mwalimu wetu alipenda kutusimulia. Fukuzawa Yukichi alizaliwa mwaka 1835, wakati nchi yake ilikuwa imejifungia kwa karne mbili, na Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara nao walikuwa Waholanzi katika kisiwa kidogo cha Nagasaki. Kijana huyo alikwenda Osaka kujifunza Kiholanzi kwa tabibu aliyeitwa Ogata Koan. Mwaka 1856 akashikwa na homa kali ya matumbo. Ogata alikuja kumtazama kila siku, lakini akakataa kumwandikia dawa, akamwita tabibu mwingine afanye kazi hiyo. Sababu aliyoitoa ni kwamba alimpenda kijana yule kama mwanawe, na mtu akimtibu mwanawe mkono husita, akili haikati shauri. Mapenzi yake hayakupungua hata chembe, bali aliyajua mipaka yake. Aliona mahali ambapo kupenda kungeharibu kujua, akajiondoa mahali hapo, na hapo hapo akabaki karibu na kitanda.

Baadaye, mwaka 1859, Fukuzawa alikwenda Yokohama, bandari iliyokuwa imefunguliwa karibuni, akakuta kwamba Kiholanzi chake hakisomeki popote: maandishi yote yalikuwa Kiingereza. Siku ya pili yake alianza upya na Kiingereza. Lugha aliyopewa na mwalimu wake ilikuwa imekufa mikononi mwake, ila namna ya kujifunza haikufa. Mtu huyo ndiye aliyewekwa kwenye noti ya yen 10,000 tangu mwaka 1984 mpaka noti mpya zilipotolewa mwaka 2024. Mwalimu wetu hakuficha sehemu ya pili ya habari. Mwaka 1885 gazeti la Fukuzawa huyo huyo lilichapisha makala iliyoitaka Japani ijitenge na majirani zake wa Asia na kuwatendea kama Wazungu wanavyowatendea. Alituwekea meza moja sahani zote mbili.

Na hapo ndipo njia yangu ilipogeuka kutoka lugha kwenda historia, na kutoka furaha kwenda mahali pagumu.

Kijana wa Kiafrika akisoma historia ya Japani hupata mvinyo kichwani. Mwaka 1853 meli za kivita za Marekani zilifika kuwalazimisha wafungue bandari zao. Mwaka 1868 utawala wa zamani uliangushwa. Katika muda wa kizazi kimoja walijenga reli, viwanda, shule na jeshi. Sisi wakati huo huo tulikuwa tukigawanywa Berlin. Hapa Meru, mwaka 1896, waliuawa wamisionari wawili huko Akheri, na Wajerumani wakaja kuwaadhibu wenyeji kwa moto na kwa risasi. Halafu unafika mwaka 1905. Mwezi Julai wazee wetu wa kusini walianza vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Mwezi Septemba Japani ilitia sahihi mkataba wa amani baada ya kuishinda Urusi, na watu waliotawaliwa sehemu nyingi za dunia walishangilia kuona kwamba Mzungu anaweza kushindwa. Nilisoma habari hizo nikaona kama ushindi ule ulikuwa wangu.

Kisha nikageuza ukurasa. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo wa 1905 Korea iliwekwa chini ya ulinzi wa Japani, na mwaka 1910 ikamezwa kabisa, ikatawaliwa mpaka 1945. Ushindi ulioshangiliwa na watawaliwa ulikuwa mwanzo wa kuzaliwa kwa mtawala mpya. Nikaendelea kusoma, nikafika Desemba 1937, wakati jeshi la Japani lilipoingia Nanjing, China, likaua mateka na raia na kuwanajisi wanawake kwa wiki kadhaa.

Kitabu nilichosoma kilikuwa cha Mwingereza. Nilikwenda nacho darasani nikamwuliza mwalimu mbele ya wenzangu kama mambo hayo ni kweli. Alikifunga kitabu polepole akasema, “Ni kweli.” Akasema hakuwa amejiandaa siku hiyo, angeyaeleza siku inayofuata.

Siku inayofuata alikuja na karatasi zake akasema kwa zaidi ya saa mbili. Alianza na Korea, akaja Nanjing, akaja kwenye wanawake wa Korea, China na nchi nyingine waliowekwa katika nyumba za kuwastarehesha askari kwa nguvu na kwa hila. Agosti ya mwaka ule ule wa 1993 serikali yao ilikuwa imetoa tamko la kukiri mkono wa jeshi katika jambo hilo na kuomba radhi. Yote aliyasema kwa Kiswahili. Alisema hataki tukose neno hata moja kwa sababu ya uchanga wetu wa Kijapani. Ngeli zilimponyoka mara nyingi jioni ile, na hakuna aliyemsahihisha.

Mwishoni alitueleza habari zake. Mwaka 1945 alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa na mwalimu aliyempenda mno, kijana aliyemfundisha kuandika kwa brashi na wino. Mwalimu huyo, kama walimu wote wa Japani wakati ule, aliwakaririsha Tamko la Mfalme juu ya Elimu la mwaka 1890, akawafundisha kwamba kufa kwa ajili ya Mfalme ni heshima kubwa kuliko zote. Wakubwa wao shuleni walikwenda vitani, wengi hawakurudi. Vita vilipokwisha Wamarekani waliingia nchini, na ikatoka amri kwamba sehemu za vitabu zilizosifu vita zifutwe. Vitabu vipya havikuwapo. Basi mwalimu yule aliingia darasani akataja kurasa na mistari, watoto wakachukua brashi zile zile alizowafundisha kushika, wakapaka wino mweusi juu ya maneno yale yale aliyowakaririsha. Jambo hilo lilifanyika nchi nzima.

“Hakueleza,” alisema mwalimu wetu. Alirudia mara mbili. Hakulalamika kwamba mwalimu wake aliamini uongo, maana nchi nzima ilikuwa imeuamini. Kilichomuuma ni kwamba alimpenda, akamngojea aseme kitu, naye akataja kurasa tu. Akatuambia kwamba alipoingia ualimu aliazimia kuwa mtu wa kueleza. Hakuwa peke yake: mwaka 1947 walimu wa Japani waliunda chama chao, na mwaka 1951 chama hicho kiliapa kutowapeleka tena wanafunzi wao vitani.

Nilipanda kwenda Poli usiku ule moyo mzito, na huko kulikuwa na sababu ya pili ya uzito wangu, nayo ilikuwa baba mkubwa.

Baba mkubwa alikuwa askari wa Keya. Mwaka 1944 alikuwa Burma, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioteremka bonde la Kabaw katika mvua za masika za huko, ndani ya matope na malaria, wakiwasukuma Wajapani mpaka wakauteka mji wa Kalewa na kuvuka mto Chindwin Desemba ya mwaka huo. Walikuwamo Watanganyika, Wakenya, Waganda na Wanyasa. Alirudi na kovu la begani na ukimya. Miaka sita baadaye, Novemba 1951, aliona serikali ile ile aliyoipigania ikiwaondoa Wameru wapatao 3,000 Ngare Nanyuki na kuchoma nyumba zao ili ardhi wapewe walowezi, na Kirilo Japhet akalazimika kwenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuyasema mambo hayo. Kwa hiyo alikuwa mtu asiyevutwa kirahisi na sifa za taifa lolote. Alijua kwamba nilikuwa nikijifunza Kijapani. Hakunikataza, wala hakuuliza ninajifunza nini.

Katika juma lile niliona ndani yangu vishawishi viwili. Cha kwanza kilikuwa kumtetea mwalimu kwa kuitetea nchi yake: kusema Waingereza nao walifanya, Wajerumani nao walifanya, na Hiroshima je? Yote hayo ni kweli, lakini nilikuwa nikiyatafuta ili nisiumie, sikuwa nikiyatafuta ili nijue. Cha pili kilikuwa kumwacha, kutoshuka tena Tengeru, kwa heshima ya baba mkubwa na ya wafu wa Nanjing. Nimevitafakari sana vishawishi hivi, nami naona ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vinamfanya mtu mmoja kuwa taifa zima. Cha kwanza husema: nampenda huyu, basi nchi yake haina hatia. Cha pili husema: nchi yake ina hatia, basi huyu sitampenda. Katika yote mawili, mtu mwenyewe, aliyefuta ubao na kuandika makosa yake kwa tarehe, haonekani tena.

Mwalimu ndiye aliyeomba kuja kumwamkia mzee, baada ya mmoja wetu kumdokezea. Alikuja Jumapili. Alitoa shikamoo, mzee akaitikia marahaba, wakakaa chini ya mgomba. Kwa muda mrefu walizungumza habari za kahawa. Kisha baba mkubwa akamwuliza, “Mwaka ule wa Burma wewe ulikuwa na miaka mingapi?”

“Kumi na mmoja, mzee.”

“Basi hukuwapo.”

“Sikuwapo. Waliokuwapo ni watu wa kwetu. Nimekuja kwa ajili yao.”

Baba mkubwa alimtazama, akaagiza mbege iletwe. Hawakusema tena juu ya vita. Jioni, mgeni alipokwisha ondoka, mzee aliniambia maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: “Na huyu sina deni. Lakini usije siku moja ukaniambia kwamba mambo yale hayakuwapo, eti kwa kuwa umempenda.”

Naamini mzee yule, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alilijibu swali langu la pili kabla sijalitamka. Alitenganisha deni na kumbukumbu. Deni ni la mtu aliyetenda, na aliyekuwa mtoto hadaiwi. Kumbukumbu ni mali ya walioteswa, na hakuna mtu, hata mwenye mapenzi makubwa kiasi gani, mwenye ruhusa ya kuigawa kama zawadi kwa rafiki yake.

Ipo habari nyingine inayoonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Mwandishi mkubwa wa China, Lu Xun, alikwenda kusomea udaktari Sendai, Japani, mwaka 1904, wakati Wachina walidharauliwa sana huko. Profesa mmoja wa Kijapani, Fujino, alichukua madaftari yake akayasahihisha kwa wino mwekundu, somo baada ya somo, mpaka sarufi. Mwaka 1906 Lu Xun aliacha udaktari, akaamua kwamba watu wake wanahitaji kutibiwa fikra kabla ya miili. Aliacha kile kile alichofundishwa na mwalimu yule. Lakini alitundika picha yake ukutani, na mwaka 1926 akaandika insha ya kumshukuru. Hakuisamehe dharau ya Wajapani kwa ajili ya Fujino, wala hakumkana Fujino kwa ajili ya dharau hiyo.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mapenzi kwa mwalimu hayana hatari, mradi moyo ni safi. Sisi wa Arusha tulipewa somo la jambo hilo mlangoni petu. Kuanzia 1995 hadi mwisho wa 2015 Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilifanya kazi katika mji wetu. Miongoni mwa waliotiwa hatiani hapa, Desemba 2003, alikuwamo Ferdinand Nahimana, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda na mmoja wa waanzilishi wa redio iliyochochea mauaji ya mwaka 1994. Rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu yake ya maisha ikawa miaka thelathini. Nilikuwa tayari mwalimu wa historia wakati huo, na habari ile ilinikosesha usingizi. Somo lilelile ninalolifundisha laweza kutiwa sumu na anayelijua vizuri.

Basi mwanafunzi atamtambuaje mwalimu anayefaa kupendwa? Kipimo nilichokipata ni hiki, nami nakitoa kwa unyenyekevu: mtazame anavyokutendea unapomletea kitabu kinachomuumiza. Asiyefaa atakikataa kitabu, au atakukataa wewe, au atataja kurasa za kufuta asieleze. Anayefaa atasema ni kweli, halafu ataeleza, kwa lugha unayoielewa wewe hata kama kwake ni ngumu. Mapenzi kwa mtu wa namna hiyo hayakufungi macho, kwa sababu yeye mwenyewe ameweka ukweli mbele ya nafsi yake, na kumfuata ni kuufuata ukweli. Hapo narudi kwenye lile neno lao. Aliyezaliwa kabla ni yule aliyetangulia kupita njiani, akarudi kutuambia mashimo yako wapi, pamoja na yale aliyoyachimba baba yake.

Mwalimu alirudi kwao mwaka 1995. Tuliandikiana barua kwa miaka mingi, mpaka mwanawe aliponiandikia kwamba amefariki. Herufi nyingi za Kichina zimenitoka kichwani, na magazeti yao siwezi kuyasoma bila kamusi. Kwa kipimo cha wale waliouliza Kijapani kitanilisha nini, nimepata hasara. Lakini nimefundisha historia kwa watoto wa mlima huu kwa karibu miaka thelathini, na kila mwaka tunafika Akheri, 1896. Watoto wanapenda niwaambie kwamba Wajerumani walikuwa wabaya na wazee wetu wema, na wale wanaonipenda ndio wanaotaka zaidi niseme hivyo. Ningeweza kusema, wakafurahi, nami nikapendwa zaidi. Badala yake nawaeleza habari za wageni wawili waliouawa, na za mamia ya nyumba na migomba iliyoteketezwa kwa kulipiza kisasi, na ukubwa wa kila jambo kwa kipimo chake. Kisha nawangojea waulize.

Deni la mwalimu halilipwi kwa mwalimu. Yeye hakungojea nimlipe, na asingejua afanye nini na malipo yangu. Hulipwa kwa mtoto aliyekaa mbele yako leo, ambaye huenda amekupenda bila wewe kujua, na anayetazama uso wako kabla ya kutazama kitabu. Ewe msomaji uliye mwalimu, mzazi au mzee wa ukoo, mtoto huyo yupo nyumbani kwako pia. Akikuuliza jambo linalouma, usimtajie kurasa. Mweleze.